Kabla ya Kuuza Cherehani ya Nyanya kwa Kilo

Wanunuzi wa vyuma chakavu hufika Kisian asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, wakisukuma mkokoteni wenye mizani ya kuning'inizwa. Hupita boma hadi boma, kuanzia njia panda pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, hadi vijiji vya chini karibu na ziwa. Wanataka sufuria zilizotoboka, rimu za baiskeli, majembe yaliyoisha. Na wanataka cherehani. Kichwa cha Singer ya zamani ya ukubwa wa kawaida hupita kilo kumi peke yake, na bado hujahesabu miguu ya chuma yenye jina la kampuni katikati. Mwenye nyumba hupewa pesa mkononi, mashine hupakiwa miguu juu, na mambo huishia hapo.

Ukiuliza kwa nini imeuzwa, jibu ni lilelile karibu kila boma: haishoni tena, imezeeka. Nimechungulia ndani ya baadhi ya mashine hizo kabla hazijaondoka, na ninachokiona huniuma. Gurudumu linazunguka bila kukwama. Mhimili wa sindano unapanda na kushuka. Meno ya kusukuma kitambaa bado yana makali. Kinachokosekana ni kitu chenye urefu wa kidole gumba: shato, ile iliyokuwa ikibeba uzi wa chini. Mtoto aliitoa akaichezea, ikapotelea kwenye majani. Au shato ipo, ila sindano iliyofungwa si ya mashine hiyo, kwa hiyo mishono inaruka na fundi amekata tamaa. Vitu viwili vinavyoenea kwenye kiganja kimoja ndivyo vinavyofanya chuma kilichovuka bahari kuuzwa kwa kilo.

Ninashikilia kwamba shato na sindano za cherehani kuukuu ni mali inayostahili kutafutwa, kutambuliwa na kuwekwa, hapa hapa Kisumu, na kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na yeyote mwenye macho, rula na mkebe wenye kifuniko.

Mashine hizi zilitufikia kwa njia inayojulikana. Reli kutoka Mombasa iligusa ziwa mwezi Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence wakati huo. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara wa Kihindi, miongoni mwao Allidina Visram, ambaye maduka yake yalitapakaa kutoka pwani hadi Uganda. Kitambaa kilikuwa bidhaa kubwa dukani, na palipouzwa kitambaa ndipo fundi alipoketi barazani na cherehani yake, tayari kukata na kushona mteja akisubiri. Ng'ambo ya ziwa, gomesi, lile vazi la wanawake wa Buganda, ilipata jina kutoka kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na asili yake huhusishwa na shule ya wasichana ya Gayaza iliyoanzishwa mwaka 1905. Reli ya kwenda Butere ilipojengwa baadaye, ilipita Kisian na kuweka stesheni. Baraza zikaongezeka kando ya njia.

Nyingi za Singer ninazoziona katika ukanda huu zina herufi K baada ya namba ya aina: 15K, 28K, 66K, 99K. Herufi hiyo ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, kilichoanza kazi miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 1980. Mwaka 1913 kilituma nje zaidi ya mashine milioni 1.3. Na kampuni hiyo ilikuwa imegundua mapema namna ya kumfikia asiye na mtaji: mshirika wa Singer, wakili Edward Clark, alianzisha mauzo ya malipo ya kidogo kidogo miaka ya 1850. Mtu hulipa akiendelea kushona, na mashine ndiyo inayomtafutia pesa za kuilipia.

Mahali pa kuanzia utambuzi ni bamba dogo la namba upande wa kulia, chini ya gurudumu, au namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Singer isiyo na herufi mbele ya namba hiyo ya mfululizo ni ya kabla ya mwaka 1900. Yenye herufi moja ni ya kuanzia hapo hadi katikati ya miaka ya 1930, na zile za Clydebank zenye herufi mbili, mfano EA na kuendelea, zilifuata. Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uandike namba yote pamoja na herufi. Usikwangue kwa kisu. Nimeona namba nzuri zikiharibiwa hivyo.

Sasa twende chini ya bamba la kuteleza, kwa sababu ndiko mambo yaliko.

Mshono wa cherehani ya kawaida una nyuzi mbili. Sindano inateremka na uzi wa juu ukiwa umepita kwenye tundu lililo karibu na ncha yake. Ikifika mwisho wa safari na kuanza kupanda, hata kabla haijapanda milimita tatu, uzi unalegea upande mmoja na kutoa kitanzi kidogo. Kitanzi hicho ndicho kila kitu. Ncha ya shato inapita kando ya sindano, karibu kuigusa, inaingia kwenye kitanzi, na shato nzima inapita katikati yake ikiwa na bobini na uzi wake tumboni. Uzi wa juu ukivutwa, nyuzi mbili zinakabana ndani ya kitambaa. Ukizungusha gurudumu polepole kwa mkono, bamba likiwa wazi, utaliona tendo hilo lote kwa macho yako, na nawasihi wazazi wawaonyeshe watoto wao angalau mara moja.

Kutokana na hapo utaelewa kwa nini vipimo havina msamaha. Sindano ikiwa fupi kwa milimita moja tu, kitanzi kinatokea mahali ambapo ncha ya shato imeshapita au haijafika. Mshono unaruka. Ikiwa ndefu kupita kiasi, inaigonga shato na kuitia kovu kwenye ncha, na kuanzia siku hiyo kila kitanzi kitakachopita kitakwaruzwa na uzi utakuwa ukikatika. Fundi atabadilisha uzi, atalaumu kitambaa, atakaza na kulegeza skurubu zote, na kosa litabaki palepale.

Shato za cherehani kuukuu zinazopatikana kwetu hazifanani, na ni lazima mtu ajue anashika ipi. Ya zamani zaidi ina umbo la mtumbwi, wazi upande wa juu, na hukimbia kwenye reli yake kwa mstari ulionyooka. Ndiyo iliyokuwa kwenye Singer namba 12, iliyotoka mwaka 1865 na kuuzwa dunia nzima. Mashine yenyewe utaijua kwa kitako chake chenye kiuno, kilichobonyea pande mbili kama fidla. Viwanda vya Ujerumani viliiga mpango huo, na Frister & Rossmann ya Berlin ni mojawapo ya majina yanayoweza kujitokeza katika maandishi ya dhahabu yaliyofifia. Katika shato nyingi za umri huo hakuna skurubu ya kukaza uzi. Kuna vitundu vilivyopangwa mstari, na fundi aliongeza ukazo kwa kupitisha uzi kwenye vitundu vingi zaidi. Anayeipata leo huidhani imevunjika kwa kuwa haoni skurubu. Haijavunjika, hivyo ndivyo ilivyozaliwa.

Inayofuata ni ile nyembamba ya mviringo, iliyochongoka upande mmoja na kukatwa bapa upande wa pili. Hii haikimbii kwa mstari, inayumba kwa upinde mbele na nyuma kwenye mkono wake. Wazo hilo lilitoka kwa Mmarekani Allen Wilson mnamo 1850, Singer ikaja kulitumia kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 katika namba 27 na ndugu yake mdogo 28, halafu 127 na 128. Hizo ndizo cherehani za mkono ambazo bibi zetu walizibeba kwenye sanduku la mbao lenye mgongo wa duara.

Ichukue shato ya namna hii uiweke kiganjani. Ni chuma kilichong'arishwa hadi kikawa laini kuliko kijiko. Ubavuni ina mwanya mwembamba, na juu ya mwanya huo kibamba cha springi kilichoshikwa na skurubu ndogo sana. Ndani huingia bobini ndefu, kijiti chenye kisahani kidogo kila mwisho, urefu wake karibu sentimita nne. Pitisha uzi kwenye mwanya, uvute hadi ukae chini ya springi, kisha inua shato kwa uzi wenyewe. Ikining'inia bila kuteleza, na ikishuka kidogo unapoitikisa, springi ni nzima. Ikianguka yote, springi imelegea au kuna uchafu chini yake. Pitisha ukucha kwenye ncha. Ukucha ukikwama popote, uzi nao utakwama hapo. Geuza uangalie upande unaosugua chuma cha mashine. Mng'aro ni dalili njema, mashimo ya kutu ni habari mbaya. Na tafuta maandishi. Vipuri vingi vya Singer vina neno SIMANCO na namba, yaani kifupi cha jina la kiwanda, Singer Manufacturing Company. Ukikuta neno hilo umepata kipuri cha asili.

Shato ya 27, 28, 127 na 128 ni moja, zinaazimana. Hiyo ni bahati kubwa kwa mkusanyaji, kwa kuwa mashine moja iliyopasuka inaweza kuokoa nyingine tatu. Za Wajerumani haziazimani hivyo. Mbili zinaweza kufanana kwa macho ya haraka, moja ikazidi nyingine kwa unene wa shilingi, na ikatosha kuharibu kazi.

Baada ya hapo inakuja familia ya 15, na hapa sitakaa sana, maana ndiyo mafundi wengi wanayoijua. Hapa bobini ni duara, inakaa kwenye kesi inayotoka upande wa kushoto. Japani waliiiga baada ya 1945, Uhindi wana Usha, na Shanghai wakatuletea Butterfly iliyojaa kwenye baraza za Kenya nzima. Vipuri vyake ni rahisi kupata. Angalizo moja tu: bobini ya 15 ina visahani bapa, ilhali ya 66 na 99, zile ambazo bobini hutumbukizwa kutoka juu, ina visahani vilivyovimba kidogo. Zikichanganywa kwenye mkebe mmoja, na daima huchanganywa, mtu atashona siku nzima uzi wa chini ukisokotana bila kujua kwa nini.

Kwa upande wa sindano, shida kubwa iko kwenye ulimi wa mteja. Mtu huingia dukani akaomba sindano namba 14. Muuzaji humpa namba 14. Wote wawili wamesema kweli, na sindano haifai. Namba 14 ni unene tu, sehemu tisa kwa kumi za milimita, ndiyo maana pakiti nyingi huandika 90/14. Haisemi lolote kuhusu shina, urefu, wala mahali lilipo tundu. Hayo husemwa na jina la aina, lililoandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa pakiti, ambalo watu hawalisomi.

Kwa cherehani za nyumbani aina hiyo inaitwa 15x1. Wajapani huiita HAx1, na Wajerumani 130/705H. Majina matatu, sindano moja: shina lenye unene wa kama milimita 2, bapa upande mmoja. Sasa sikia habari ya kufurahisha. Singer ya 27, ya 28, ya 127, ya 128, ya 66, ya 99 na ya 15 zote hutumia sindano hiyohiyo inayouzwa leo. Mashine iliyotoka kiwandani kabla ya Maseno School kufunguliwa mwaka 1906 inaweza kushona kesho kwa sindano mpya ya Organ kutoka Japani. Kila ninapomwambia mtu hivyo hunitazama kwa mashaka, mpaka tunapoifunga na kuijaribu.

Aina ya pili iliyojaa dukani ni DBx1, ambayo pia huitwa 16x231. Ni ya mashine za kiwandani, zile za umeme za kushona sare kwa wingi. Shina lake ni duara kabisa, halina bapa, na unene wake ni kama milimita 1.6. Hii ndiyo inayoponza cherehani za zamani. Inaingia kwenye kishikio kwa urahisi mno, skurubu inaibana, lakini inakaa pembeni kidogo, mbali na njia ya shato, na inaweza kujigeuza katikati ya kazi. Mishono inaruka, na mashine inasingiziwa uzee. Fundi wa viatu naye ana yake: mashine ya Singer 29K, yenye mguu unaozunguka pande zote, hutumia 29x3 kwa ngozi na 29x4 kwa kitambaa.

Iliyo ngumu kupatikana ni 12x1 ya ile Singer ya mtumbwi. Shina lake ni duara na jembamba, na maduka ya kawaida hayana habari nayo. Mwenye Singer 12 akiwa na sindano yake moja nzima anapaswa kuithamini kuliko kichwa cha mashine, na ukikuta pakiti yake kwenye droo ya meza ya fundi wa zamani, usiiache.

Kuitambua sindano isiyo na pakiti si kazi ngumu. Kipimo cha vernia, kile ambacho wanafunzi wa sekondari hutumia kwenye somo la fizikia, kinatosha. Pima unene wa shina. Pima urefu wote, kisha pima kutoka mwisho wa shina hadi ukingo wa juu wa tundu, kwani kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachoamua kitanzi kitatokea wapi. Tafuta namba iliyochorwa kwenye shina kwa kioo cha kukuzia. Kisha tafuta mifereji. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, ambamo uzi hujificha inapopenya kitambaa, na upande wa pili una kishimo kifupi juu ya tundu. Kanuni haibadiliki kwa mashine yoyote ya nyuzi mbili: uzi huingilia upande wa mfereji mrefu, na shato hupita upande wa pili. Kwenye sindano yenye bapa, bapa huelekea shato inakopita. Kwenye shina la duara hakuna bapa la kukuongoza, kwa hiyo upapase mfereji kwa ukucha kabla ya kukaza. Nimeona kosa hili likitendwa hata na watu wenye mkono mzuri sana wa kazi.

Kuhusu unyoofu, laza sindano juu ya kioo cha dirisha, bapa likiwa chini. Mwanga unaopita kati ya sindano na kioo uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Ukiona umebanwa kuelekea ncha, sindano imepinda hata kama vidole havihisi.

Na unene uchaguliwe kwa kazi. Kitenge hupenda 80/12 au 90/14. Kaki ya sare ya shule, hasa mkunjo wa kiuno wenye tabaka nne, hutaka 100/16. Turubai, na tanga la mashua kwa wale wavuvi ambao bado wanashona la kwao, ni 110/18, na hapo uzungushe gurudumu kwa mkono kwenye pindo nene. Cherehani ya mkono inaweza kazi hiyo kuliko watu wanavyodhani.

Mahali pa kutafuta? Kibuye siku ya Jumapili, upande wa vyuma na vifaa vya mitumba, ukiinama kwenye marundo ya spana na kufuli zisizo na funguo. Droo za meza za cherehani za miguu, ambazo huuzwa kama samani baada ya kichwa kuondolewa. Mikebe ya Kimbo yenye vifungo. Boma za mafundi waliotangulia mbele ya haki, ambako ni vizuri kwenda kwa heshima, kukaa, kunywa chai, na kuuliza habari za mzee kabla ya kuuliza habari za vyuma vyake. Na wanunuzi wa chuma chakavu wenyewe. Hawa si maadui. Waambie kwamba shato moja, ikitolewa kabla kichwa hakijapondwa, utainunua kwa bei inayozidi uzito wake mara nyingi. Mtu wa biashara anaelewa lugha hiyo. Mwaka 2022, serikali iliposimamisha biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, vyuma vingi vililala uani vikisubiri. Marufuku ilipoondolewa, mizani ilirudi kazini, na sidhani kuna aliyefungua mabamba kuangalia kilichomo.

Nina jambo la kukataza pia. Usivunje mashine inayoshona ili upate shato yake. Na usiwe mkusanyaji wa kufungia. Shato iliyolala kabatini huku jirani ana mashine inayoihitaji haina kazi yoyote pale, na mkusanyiko wenye thamani kwangu ni ule ambao kila kitu ndani yake kinaweza kutoka kikajaribiwe.

Hapa lazima niseme habari ya zebaki nyekundu, kwa sababu uvumi huo ukifika kwa watu hufanya hasara. Mwaka 2009 Saudi Arabia ilitikiswa na maneno kwamba cherehani za zamani za Singer zina zebaki nyekundu yenye thamani isiyosemeka. Watu walidai unaipima kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano: simu ikikatika, mali ipo. Mashine zilizokuwa za bei ya kawaida zilitajwa kuuzwa hadi riyali 200,000, na kukawa na wizi kwenye maduka ya mafundi. Hakuna zebaki nyekundu. Sindano ni chuma cha pua kilichopakwa nikeli, na simu ikikatika ni mtandao tu. Yeyote anayekuja bomani akiwa na simu mkononi na ahadi ya mamilioni mdomoni, mwonyeshe njia.

Utunzaji wa vitu hivi karibu na ziwa una adui mmoja mkubwa, unyevu. Kutu huanzia kwenye ncha. Shato iliyoshikwa na kutu ya juujuu ilowekwe kwenye mafuta ya taa usiku kucha, isuguliwe kwa kitambaa kigumu, isiguswe na tupa wala msasa mkali kwenye ncha. Kisha ipakwe mafuta mepesi ya cherehani. Tafadhali, si mafuta ya kupikia. Huganda yakawa gundi, na mashine nyingi zinazosemekana zimekufa zimeshikwa na mafuta ya kupikia tu. Kila shato ifungwe kwenye karatasi yake iliyolowa mafuta kidogo, juu uandike: imetoka mashine gani, namba gani, boma la wapi, mwaka gani. Karatasi isiyo na maandishi itakufanya uanze kupima upya kila mara, na mrithi wako hataelewa lolote.

Ningependa kuona kabati la namna hii kwenye vyuo vya ufundi vinavyofundisha ushonaji Kisumu, pembeni mwa mashine za umeme, ili mwanafunzi apime shato tano na sindano tano kabla ya kupewa cheti. Ningependa pia Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980 na ambalo limetuwekea boma zima la Kijaluo tulione, liandike habari za fundi wa barazani na vifaa vyake wakati mafundi wa kizazi hicho bado wapo wa kuulizwa. Mabibi waliosomesha watoto kwa cherehani ya mkono wanapungua, na wao ndio wanaojua ni uzi gani ulipitishwa kwenye tundu lipi.

Kwa sasa kuna mashine moja inayonisumbua, na huenda msaada uko kwa msomaji. Iko katika boma lisilo mbali na stesheni ya Kisian. Ni ya mkono, maandishi ya dhahabu yamefutika isipokuwa neno Germany lililopigwa kwenye chuma. Shato yake ilikuwa ya kuyumba, si ya mtumbwi. Sindano tumeipata, 15x1 ya kawaida inakaa vizuri na kitanzi kinatokea. Tumejaribu shato ya Singer 28: inaingia, lakini inacheza nyuma na ncha inawahi kitanzi. Nafasi ya kuiweka ina urefu uliozidi kidogo sentimita tano, na kisigino chake kilikuwa cha duara, si bapa, kwa jinsi mkono unaoibeba ulivyochongwa. Kama uko Holo, Maseno, Luanda, Ahero, au ng'ambo kule Mbita, na una shato ya sura hiyo kwenye mkebe wa vifungo, ilete mchana kwenye baraza za mafundi pale njia panda. Mashine italetwa, na tutaijaribu mbele yako.